Bodi Hurudi Kama Ulivyoituma

Hiyo sauti uliyoisikia ni bodi ninayoigonga hapa kwenye meza ya studio. Ni ya kijani, unene wake milimita 1.6, urefu milimita 80, upana 60, inaenea kiganjani. Ukiifungua redio unayonisikilizia utamkuta ndugu yake humo ndani. Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, ikavikwa shaba juu na chini, shaba nyembamba kuliko unywele, halafu shaba hiyo ikaliwa na dawa mpaka zikabaki njia za kupitishia umeme tu. Bodi na redio ni jamaa wa siku nyingi. Paul Eisler, mhandisi wa Austria aliyehamia Uingereza, alitengeneza huko London mwaka 1936 redio ambayo nyaya zake zilichapwa badala ya kuunganishwa mmoja mmoja. Kwa hiyo sijioni nimepotea njia kuja kuzungumzia bodi redioni.

Mimi ni fundi. Kazi yangu kubwa ni vidhibiti vya pampu za maji: kiboksi kinachowasha pampu tangi la juu linapopungua, kinaizima likijaa, na kinagoma kuiwasha kama tangi la chini ni kavu, maana pampu ikizungushwa bila maji haina maisha. Zamani bodi nilizitengeneza mwenyewe kwa karatasi, pasi ya nguo na dawa kwenye beseni, mikono ikawa ya manjano wiki nzima. Siku hizi nachora kwenye kompyuta, natuma faili China, bodi zinakuja zimetobolewa, zimepakwa rangi, zimeandikwa vizuri kuliko kadi ya harusi. Viwanda vya Shenzhen vinaweza kukuuzia bodi tano za ukubwa huu kwa dola chache. Usafiri mara nyingi unazidi bei ya bodi zenyewe. Kinachouma zaidi ni kusubiri, kwa sababu bodi zikifika na kosa, unarekebisha mchoro, unatuma upya, na mteja uliyemwambia "wiki mbili, mama" anaanza kukupigia kwa namba ngeni ili upokee.

Leo nataka tuzungumzie muda ule mfupi kati ya kumaliza kuchora na kutuma. Nauita saa moja. Wengi wetu hatuna saa hiyo, na mimi sikuwa nayo siku nilipotuma bodi hii ninayoigonga.

Nilimaliza kuchora saa sita usiku. Kompyuta ikakagua njia zote, ikasema hakuna kosa hata moja. Nikafurahi, nikafunga faili kwenye zipu, nikalipa, nikalala. Bodi zilipofika nikapanga vifaa, nikachoma risasi, nikawasha. Kwenye bodi hii kuna regyuleta, kile kifaa kinachopokea volti 12 na kutoa volti 5 kwa ajili ya chipu. Iko ya aina mbili maarufu. Ile kubwa yenye bati la kupozea, 7805, ukiitazama usoni mguu wa kushoto ni wa kuingizia, wa kati ni wa graundi, wa kulia ni wa kutolea. Ile ndogo, 78L05, yenye umbo la herufi D, ukiitazama kwenye uso wake bapa mambo ni kinyume: kushoto ndiko umeme unakotokea, kulia ndiko unakoingilia. Jina karibu lilelile, volti zilezile, miguu imepishana. Mimi nilichora kwa kichwa cha ile kubwa nikaweka mwili wa ile ndogo.

Regyuleta ilipata moto mpaka kidole kikaruka chenyewe. Chipu iliyokuwa mbele yake ikafa pale pale.

Sasa, mguu wa kati uko palepale kwenye zote mbili. Maana yake ukiigeuza regyuleta, uso bapa ukatazama upande wa pili, mambo yanakaa sawa. Ndivyo nilivyofanya. Bodi nne zikapona, nikazifunga kwenye viboksi vya kijivu, nikauza, nikajiona mjanja. Mwaka haukuisha. Kiboksi kimoja kilichokuwa Bagamoyo kikapigwa na umeme wa radi, mwenye nyumba akamwita fundi wa jirani. Fundi yule ni mtu makini. Alifungua, akakuta regyuleta imekufa, akanunua nyingine ileile, akaipachika kama mchoro mweupe kwenye bodi unavyoelekeza, ule mchoro wa herufi D. Akawasha. Ikaungua. Akanunua ya pili, akaipachika vilevile, ikaungua. Alinipigia simu akiwa na hasira, na haki yake. Alikuwa amefuata maandishi. Maandishi yalikuwa yangu, na yalikuwa ya uongo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukagua mpaka wenzangu wananicheka.

Tuelewane kwanza kinachotumwa ni nini. Unaposema "nimetuma bodi", umetuma furushi la faili, kila tabaka na faili lake: shaba ya juu, shaba ya chini, rangi ya kijani ya kinga kwa pande zote mbili, maandishi meupe, mstari wa ukingo, na faili la matundu. Nyingi ya hizo zinaitwa faili za Gerber. Gerber ni jina la mtu, Joseph Gerber, aliyezaliwa Vienna mwaka 1924, akaingia Marekani mwaka 1940 kuwakimbia Wanazi, na baadaye kampuni yake huko Connecticut ikaunda mashine za kuchora kwa mwanga juu ya filamu. Mashine ilikaa gizani. Ilikuwa na gurudumu lenye vitobo vya maumbo mbalimbali, duara, mraba, kikubwa, kidogo. Taa ilimulika kupitia kitobo kimoja, na filamu ikapata alama ya umbo lile. Lugha ya kuiamrisha mashine hiyo ndiyo mzazi wa lugha tunayoitumia mpaka leo, na anayeitunza sasa ni kampuni ya Ubelgiji iitwayo Ucamco.

Fungua faili moja kwa programu yoyote ya kuandikia uone. Utakuta mistari ya X na tarakimu, Y na tarakimu, kisha D02, D01 au D03. D02 ni kusema: nenda mahali hapa, taa ikiwa imezimwa. D01: nenda na taa imewaka. D03: simama hapo, mulika mara moja. Mwisho kabisa kuna M02, yaani kazi imekwisha. Hakuna mstari unaosema kwamba hapa umeme unaingia na pale unatoka, wala kwamba kiboksi hiki kitawekwa kwenye nyumba yenye watoto. Kiwanda kinapokea safari za taa. Wahandisi wao huangalia kama njia zako ni nyembamba mno kwa mashine zao, kama matundu yamekaribiana mno, kama ukingo umefunga. Wakiona shida watakuandikia. Regyuleta yangu iliyogeuka hawakuiona, na hawakuwa na namna ya kuiona, maana kwao yale yalikuwa matundu matatu mazuri kabisa, yamepangwa sawasawa.

Na kompyuta je, iliyosema hakuna kosa? Nayo ilisema kweli. Ukaguzi ule wa kompyuta unalinganisha njia ulizochora na mchoro wa saketi uliouchora wewe mwenyewe, na kanuni za nafasi ulizoziweka wewe mwenyewe. Kama mchoro wa saketi una uongo, kompyuta inathibitisha kwamba bodi imeunakili uongo huo kwa uaminifu. Ukaguzi huo ni wa lazima, usiutume mradi bila kuupitisha, lakini ukishasoma "makosa 0" ndiyo kwanza saa yako inaanza.

Mimi naianza asubuhi. Usiku situmi kitu tena. Nafuta folda nzima ya faili zilizotangulia, natoa faili upya, nazifunga kwenye zipu, halafu zipu hiyohiyo naifungua mahali pengine na kukagua kilichotoka humo. Nina sababu. Kosa la kawaida kuliko yote, na watu wanaona aibu kulisema, ni kurekebisha mchoro saa nne na kutuma faili zilizotolewa saa tatu.

Kisha naziangalia kwa programu tofauti na ile niliyochorea. Mimi nachora kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992, na kwa miaka mingi sasa maabara ya CERN imekuwa ikiisaidia. Inakuja na kitazamio chake cha faili za Gerber. Lakini napenda pia kuzifungulia kwenye gerbv, nayo ya bure, kwa sababu haijui chochote kuhusu nia yangu. Inaonyesha kilichomo kwenye faili tu, kama kiwanda kitakavyokiona.

Nawasha tabaka moja moja. Shaba ya chini nikiitazama kutokea juu, maandishi yake lazima yasomeke kinyume, kama maandishi ya mlango wa kioo ukiwa ndani ya duka. Yakisomeka vizuri, kuna kitu kimegeuzwa, na ubao mzima wa chini utatoka kama kwenye kioo. Rangi ya kinga ndiyo inayowachanganya wanaoanza: faili lake linaonyesha mahali ambapo rangi HAITAPAKWA. Vile viduara unavyoviona ni madirisha. Ukikuta faili tupu, usidhani ni usafi. Bodi itakuja imefunikwa yote, hakuna mahali pa kushikisha risasi, na utakaa na kisu ukikwangua pedi za shaba moja baada ya nyingine. Nimekwangua. Sehemu za shaba ya kujazia nazo nazitazama, kama zilijazwa upya baada ya kusogeza njia ya mwisho.

Halafu matundu. Kuna kijana alikuja kwangu, akasema shikamoo fundi, nikaitikia, akatoa kwenye begi bodi 10 za kipaza sauti. Nzuri kuzitazama. Nikainua moja kwenye dirisha ili mwanga upenye. Haukupenya popote. Zilikuwa bodi bila tundu hata moja. Alituma tabaka zote akasahau faili la matundu, maana katika programu nyingi linatolewa kwa kitufe chake peke yake. Nikamwambia, dogo, nunua keekee moja ya kutobolea ya milimita 0.8, tena nunua tatu maana zitakatika. Sijui kwa nini kiwanda hakikumuuliza. Vingine huuliza, vingine hutengeneza ulichotuma.

Faili la matundu lina ujanja wake mwingine. Lugha yake inaitwa Excellon, jina la kampuni ya mashine za kutoboa, na katika mtindo wa zamani namba zinaandikwa bila nukta ya desimali na sifuri zinapunguzwa. Chukua inchi moja na nusu, kwa tarakimu mbili kabla ya nukta na nne baada yake: 015000. Ukikata sifuri za mwisho inabaki 015. Anayesoma akidhani zilizokatwa ni za mwanzo ataisoma kama inchi 0.0015. Tundu lililokuwa katikati ya bodi linahamia ukingoni, na wenzake wote wanalifuata, wanarundikana kwenye kona kama nzi kwenye ganda la embe. Kwenye kitazamio unaliona kosa hili kwa sekunde moja, ukikumbuka kuwasha matundu pamoja na shaba. Na siku hizi hakuna sababu ya kuhangaika nalo: toa faili kwa milimita, zenye nukta ya desimali.

Baada ya kioo cha kompyuta ninakwenda kwenye karatasi, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Nachapa bodi kwa ukubwa wake halisi. Binti yangu wa darasa la sita ana rula ya shule, namwita apime. Mara ya kwanza alisema, baba, ni milimita 77 na kidogo. Bodi ni ya 80. Printa ilikuwa imeibana picha ili ienee kwenye ukurasa, kwa hisani yake yenyewe. Tukaondoa hisani hiyo, ikatoka 80 kamili. Karatasi naibandika kwenye kipande cha sponji la godoro, nachukua vifaa vyenyewe, vile vilivyo mezani, nachomeka miguu yao kwenye karatasi mmoja mmoja. Rilei, ile swichi inayowasha pampu, inakaa? Kiunganishi cha nyaya kinatazama nje au kinatazama ukuta wa kiboksi? Kapasita kubwa haiegemei regyuleta?

Nasema vifaa vyenyewe, na nina maana yangu. Ukienda Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, ukaulizia transista BC547, unaweza kupewa 2N3904 na kuambiwa "hii ni sawa na ile, chukua tu". Kwa kazi nyingi ndogo ni sawa kweli. Lakini miguu ya ile ya kwanza, uso bapa ukikutazama, ni kolekta, besi, emita. Ya pili ni emita, besi, kolekta. Muuza duka hajakudanganya. Hukumuuliza miguu. Kwa hiyo nikiwa na kifaa mkononi nafungua karatasi ya mtengenezaji wa kifaa hicho hicho, nasoma mguu wa kwanza kwa sauti, nagusa pedi kwa kalamu, nafuata njia mpaka inakofika. Kama mwanafunzi wa chuoni anayefuata herufi kwa kijiti. Inachosha. Kwa bodi yangu hii ni dakika 20. Laiti ningezitumia, regyuleta ingejisema yenyewe.

Nimeacha upande wa umeme mkubwa uje mwisho, na sitaki kuupitia haraka. Bodi hii ina volti 5 upande mmoja na volti 230 za ukutani upande wa pili, na mtu mwenye mkono wenye maji ndiye atakayeigusa swichi. Kati ya pande hizo mimi naacha milimita 8 bila shaba yoyote, na chini ya rilei nakata mwanya, ufa mwembamba kabisa, ili vumbi na unyevu visijenge daraja. Sasa mwanya ule unachorwa kwenye tabaka la ukingo. Ukiuchora kwa bahati mbaya kwenye tabaka la maandishi, kiwanda kitakuchapia mstari mweupe mzuri mahali ulipotaka ufa. Kwenye kioo cha kompyuta, rangi zote zikiwa zimewaka, mistari hiyo miwili inafanana. Ndiyo maana nazima kila kitu nabakiza ukingo peke yake, natazama kama mwanya bado upo.

Unene wa njia nao usiuache. Pampu ya nyumbani ya nguvu ya farasi mmoja inaweza kuvuta ampea 5 ikiwa inazunguka, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa zaidi. Kwa shaba ya kawaida ya mikromita 35, ampea 5 zinataka njia ya upana wa karibu milimita 3 ili isipate joto la maana. Rilei iliyoandikwa ampea 10 haikusaidii kitu kama imefikiwa na njia nyembamba kama utambi.

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya woga, kwamba bodi zenyewe ni rahisi, ukikosea unatuma nyingine. Kwa anayekaa kilomita chache kutoka kiwandani, sawa. Kwetu bodi iliyokosewa haitupwi. Tunaiponya kwa waya, kwa kugeuza kifaa, kwa kukwangua, halafu inauzwa, inafungwa ukutani, na siku moja itafunguliwa na mtu asiyejua tuliiponya vipi. Atakachokuwa nacho ni maandishi meupe. Kwa hiyo siku hizi nayasoma kama barua: alama ya chanya iko upande sahihi, namba ya kila kifaa iko karibu na kifaa chake, volti zimeandikwa, na toleo limeandikwa kwa herufi zinazoonekana.

Na hapo nina ombi. Viboksi vinne vya toleo la kwanza nilivitoa mkononi mwangu. Cha Bagamoyo nilikifuata nikabadilisha bodi, vitatu bado viko kwa watu. Fundi unayenisikiliza, ukiletewa kiboksi cha kijivu cha pampu, ndani bodi ya kijani yenye maandishi "Toleo 1" kwenye kona, na regyuleta imekufa, usiufuate mchoro wa D. Ipachike kinyume chake, uso bapa uelekee kwenye rilei. Pima kwa mita kwanza, upate volti 5, ndipo urudishe chipu.